Mwalimu wa Kulia wa Mabinti wa Gospodar

Nchi yetu ya Javorina haioteshi kitu vizuri isipokuwa mawe na mabinti. Mawe hatukuwahi kuyapatia mteja. Lakini mabinti wa Gospodar, mtawala wetu, walichukuliwa mmoja baada ya mwingine na wana wa wafalme, vijana waliopanda mlima wetu wakitweta na kuushuka wakiwa wameoa. Kila binti aliondoka akilia, na kila kilio kilikuwa kimetungwa na Ikonija, mjane wa marehemu Mirko, aliyekaa nyuma ya kanisa: mwanamke mfupi, mnene wa kiasi chake, mwenye kicheko cha kumwangusha mtu kwenye kiti.

Kazi yake ilikuwa mbolezi, nyimbo za kuwalilia wafu. Mtu akifa mjini Kamenik, kabla hajaitwa padri aliitwa Ikonija. Alisimama kichwani mwa maiti, akaiweka sawa shela yake nyeusi, akavuta pumzi, na alipoanza, hata wadai wa marehemu walitafuta leso. Alimlilia Bogdan bahili, ambaye alikuwa hajawahi kumpa mtu hata moto wa kuwashia kiko, na watu wakarudi nyumbani wakisema jamani, tulikuwa hatumjui. Kisha Ikonija aliingia jikoni kwa wafiwa, akala maandazi ya asali, na mtu akisema neno la kuchekesha, akacheka mpaka akashika mlango.

"Ikonija," Padri Vaso alimwambia siku moja, "unawezaje kulia vile halafu ukacheka hivi?"

"Padri, mwokaji akitoka tanurini, huendelea kuungua?"

Sasa, kwetu bibi harusi akitoka kwa baba yake bila kulia ni aibu. Watasema alikuwa halishwi, ndiyo maana anakimbia. Na kulia si kutoa machozi tu. Ni lazima asimame kizingitini na kumtukana bwana harusi kwa beti nzuri: yeye, nyumba yake, mama yake, na hali ya hewa ya kwao. Bwana harusi husimama pale akisikiliza huku kifua kinamjaa, maana nani atajisumbua kumtukana mtu asiye na thamani? Matusi yakiwa machache, mama yake hununa mwaka mzima.

Stana, binti mkubwa wa Gospodar, alipoposwa, ilionekana hajui kulia. Kila alipojaribu alicheka. Mama yake, Gospodarica, akamwita Ikonija jikoni kwenye jumba la utawala, yaani ile nyumba ya ghorofa yenye meza ya biliadi.

"Nitumie kitunguu, shangazi?" Stana aliuliza.

"Kitunguu ni cha wavivu. Chozi la kitunguu linanuka. Hebu nililie hii sufuria."

"Sufuria?"

"Imetoboka. Imekupikia tangu utotoni na leo inatupwa. Huna haya? Ililie!"

Wakailia sufuria. Wakamlilia paka aliyefungiwa nje, wakakililia kiatu cha kushoto cha Gospodar kilichosombwa na mto. Mpishi alilia, akacheka, akaunguza supu, wakaililia na supu. Chini ya meza alikaa Vida, kitinda mimba, magoti kidevuni, akisikiliza huku midomo yake ikicheza. Kipaji cha mbolezi kilikuwa kimeingia pale chini ya meza, ila siku hiyo hakuna aliyekiona.

Stana akaolewa Urusi. Warusi kulia wanakujua, wakalia naye mpaka chakula kikapoa. Jovanka, wa pili, akachukuliwa na jirani zetu wa ng'ambo ya mto, na mama mkwe wake akajibu kila ubeti kwa ubeti, ikawa ngoma haswa. Olga alimpata mwana wa mfalme mdogo wa Italia. Yule bwana alisikiliza akiwa amefumba macho, na Olga alipomaliza akapiga makofi, akatupa ua, akaomba arudie. Olga akarudia. Hayo yote yalikwenda vizuri, na Ikonija akawa anatembea mjini kidevu juu kidogo, kama mtu ambaye watawala wa Ulaya wametukanwa kwa maneno yake, na ni kweli walikuwa wametukanwa.

Halafu ikafika zamu ya Vida.

Vida alikuwa amekwenda kumtembelea dada yake Urusi, na huko, kwenye barafu, akakutana na Mwanamfalme Egbert wa Hohenau. Egbert alikuwa kijana wa kaskazini, mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Alikuwa akiteleza kwenye barafu kwa heshima na kuanguka kwa heshima. Alimwangukia Vida mara ya kwanza kwa bahati mbaya. Mara zilizofuata, Vida alisema, yeye ndiye aliyekuwa akijipeleka. Lugha moja hawakuwa nayo, wakaelewana kwa kuanguka, na posa ikapitia kwa wakalimani.

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, hata koti hajavua.

"Shangazi Ika! Shangazi, masikio yake! Akiona haya yanakuwa mekundu kama nyanya!"

"Nani huyo mwenye nyanya?"

"Mchumba wangu! Shangazi, nitungie kilio kikubwa. Kikubwa kuliko vya dada zangu wote. Nataka nimtukane mpaka mababu zake waamke."

"Unampenda kiasi hicho?"

"Nampenda mpaka meno yananiuma."

Ikonija akacheka mpaka akakaa. Hakuwa na mtoto, na huyu tangu atoke chini ya ile meza alikuwa wake, ingawa jambo hilo halisemwi kwa mtu ambaye baba yake ana mizinga. "Haya," alisema, akijifuta macho. "Miguu yake ikoje?"

"Mirefu. Kama ya korongo."

"Tumepata pa kuanzia."

Siku ya harusi mji mzima ulikuwa mbele ya jumba, na waliokosa nafasi walikuwa juu ya mapaa. Ilipangwa hivi: binti atalia kizingitini, bwana harusi atampokea, wote watakwenda kanisani. Egbert alisimama chini ya ngazi na kofia yake yenye manyoya, na pembeni yake Kapteni Kluge, mkalimani. Kapteni Kluge alikuwa amejifunza lugha yetu vitabuni, kwa hiyo alijua kila neno letu na hakujua hata mila moja.

Vida akatoka. Akaweka mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango, mwingine kifuani.

"Ole wangu, baba yangu, nimekukosea nini,
hata wanitupa leo kwa mbwa mwitu wa baridi?
Ana miguu ya korongo, ana moyo wa barafu,
mama yake ana kucha, nyumba yake haina moto.
Heri ningemwona nyoka kabla sijamwona yeye!"

Ah! Wanawake walishikana. "Mwone, mwone anavyompenda!" walinong'ona huku wanalia. Gospodar alivuta masharubu yake kwa fahari. Ikonija alikuwa anatikisa kichwa kwa kila ubeti, na pale penye kucha za mama mkwe alimfinya Padri Vaso mkono. Mtoto aliimba kama malaika mwenye hasira.

Na Kapteni Kluge, sikioni mwa bwana wake, alikuwa anatafsiri neno kwa neno, mtu mwaminifu, bila kuacha hata nyoka.

Egbert alibadilika rangi. Masikio yake yalianza mekundu, yakaisha meupe. Akapanda ngazi moja, akainama, akasema jambo, na Kluge akalitafsiri kwa sauti: "Bwana wangu anauliza: je, binti, maneno haya unayasema kwa hiari yako?"

Sasa jamani, kizingitini bibi harusi hawezi kumjibu bwana harusi kwa maneno ya kawaida. Haijawahi kutokea. Vida alifunika uso kwa shela, akapaza sauti:

"Yote! Na bado sijamaliza!"

Watu wakashangilia. Egbert akamwinamia Vida. Akamwinamia Gospodarica, akamwambia maneno machache kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo. Kisha akageuka, akaingia kwenye gari lake la farasi, na gari likaondoka, askari wake nyuma.

Tukangoja.

"Labda kwao bwana harusi huzunguka mji kwanza," alisema mama mmoja.

"Kwa gari?"

"Si matajiri hao!"

Tukaanza wimbo, ili akirudi atukute tunaimba. Tuliuimba wote, tukaurudia mwanzo. Ndipo Gospodarica, ambaye ndiye pekee pale mlangoni aliyekijua Kifaransa, na mpaka hapo alikuwa hajayaamini masikio yake, alipokaa chini kwenye ngazi kama aliyekatwa miguu.

"Hazunguki," alisema. "Amesema muungwana hachukui mwanamke kwa nguvu. Ameondoka."

Vida alivua taji la maua, akaliweka kando, akakaa kizingitini. Wanawake wakamzunguka. "Lia, mwanangu, lia utapoa." Hakulia. Ikonija aliinama akamtazama usoni, na kicheko chote alichozaliwa nacho kikamtoka mara moja. Uso ule aliujua.

"Nileteeni bunduki!" Gospodar alinguruma. Kumwacha binti wa watu kizingitini, kwetu ni damu, na damu na Hohenau ilikuwa na maana ya damu na binamu zao wote, yaani nusu ya Ulaya. Wanaume walikuwa tayari wanafurahi.

Ikonija akamzuia njiani. "Gospodaru, ukimrudisha kwa bunduki atasadiki kila neno nililotunga. Niache niende mimi."

"Wewe? Kwa miguu hiyo?"

"Gari linafuata barabara, na barabara yako, Mungu akusamehe, inauzunguka mlima kama mlevi anayetafuta kwao. Mimi nitapita njia ya mbuzi."

Gospodar alimtazama, akamtazama binti yake. "Nenda," alisema. "Lakini farasi wakishatandikwa, tunakuja."

Ikonija alifunga sketi kiunoni akashuka. Njia ya mbuzi ya Kamenik hata mbuzi wanaijadili kwanza. Sehemu nyingine alikimbia, sehemu nyingine alishuka kwa makalio, na kwa woga alianza kuchekacheka peke yake kwenye miiba, huku anaomba: Mungu wangu, nimemtukania mtoto mume wake, nimemtukania mume akaenda. Akatokea chini, kwenye chemchemi ambapo kila mwenye farasi husimama kunywesha. Gari lilikuwapo. Egbert alikuwa amekaa juu ya jiwe, amelishika yai la kuchemsha ambalo Kluge alimlazimisha alile, na hakuwa amelila.

Askari waliposikia kichaka kinatikisika walichomoa mapanga.

"Yarudisheni hayo, wanangu, mtajikata," alisema Ikonija, akitoa mwiba kwenye nywele. "Kapteni, mwambie bwana wako mimi ndiye niliyetunga yale matusi."

Kapteni akamwambia. Egbert akasimama, kwa maana alisimama kwa heshima mbele ya kila mwanamke, hata mwenye majani kichwani. "Basi, mama, wewe unayajua ya moyoni mwake. Amesema mimi ni mbwa mwitu."

"Alikuita mbwa mwitu kwa sababu anakupenda. Dada zake niliwawekea mbweha tu."

"Na miguu ya korongo?"

Ikonija akaitazama miguu. "Hiyo ni kweli, mwanangu, usinichukie."

"Lakini alikuwa analia!"

"Kwetu tunalia! Kulia ni kazi, kama kufuma soksi. Nipe kitu chochote nikulilie. Nipe hilo yai."

Egbert, bila kuelewa, akampa. Ikonija akaliweka yai juu ya jiwe, akaiweka sawa shela yake, akavuta pumzi.

"Ole wako, yai jeupe, mwana wa kuku mwekundu!
Hukumwona baba yako, jogoo mwenye upanga wake,
hukuimba alfajiri, hukuparua jaani.
Walikutoa kiotoni, bado una joto la mama,
wakakutia majini, na maji yakachemka.
Nani atakuvua shati? Nani atakutia chumvi?
Mtu mrefu wa mbali, wala hana njaa!"

Wa kwanza kuelemewa alikuwa Gavro, dereva wa gari, mtu wetu, aliyeegemea gurudumu akilia kwa kwikwi. Kapteni Kluge alitafsiri mpaka kwenye joto la mama, sauti ikamkatika. Askari wa Hohenau hawakuelewa hata neno, wakavua kofia. Egbert alilitazama yai, macho yamemjaa.

"Maskini," alisema.

Ikonija akalichukua yai, akaligonga kwenye gurudumu, akalimenya, akamwomba Gavro chumvi, akalila.

Kisha masikio ya Egbert yakaanza kuwa mekundu, mabega yakatikisika, na kijana yule mpole akatoa kicheko ambacho huko kwao sijui kama kinaruhusiwa. Gavro naye akacheka, askari wakacheka, farasi wakainua vichwa kwenye maji. Kapteni Kluge alikuwa bado anapenga kamasi.

Egbert ndiye aliyeacha kwanza. "Mama," alisema, "kama mnaweza kulilia hata yai, siku akiwa na huzuni ya kweli nitaijuaje?"

Ikonija akaacha kutafuna. Hilo hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, wala padri.

"Mimi nilipoolewa sikulia," alisema. "Mimi, niliyewafundisha hawa wote. Nilitoka kwa baba yangu sina hata ubeti mmoja kinywani. Watu wakasema huyu ana moyo wa jiwe. Mirko hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Siye niliyemtaka, basi. Binti mwenye furaha hupata maneno, hata ya matusi. Aliyevunjika hana neno. Kimya chake ndicho cha kuogopa."

Kluge alitafsiri taratibu.

"Na yeye sasa?" Egbert aliuliza.

"Nimemwacha amekaa kizingitini. Amenyamaza."

Egbert hakungoja tafsiri. Nadhani aliiona usoni kwa Ikonija. Aliitupa kofia, akaingia kwenye njia ya mbuzi, na hapo ndipo ilipojulikana kwa nini Mungu alimpa miguu ile.

Gospodar na watu wake walikuwa wameshatandika na wamefika kona ya pili, bunduki magotini, waliposikia mawe yanaporomoka upande wa mlima. Kitu kirefu kilikuwa kinapanda kwa miguu na mikono katikati ya miiba.

"Ni mbuzi yule?" Gospodar aliuliza.

"Ni mkweo, Gospodaru."

Gospodar akashusha bunduki. "Anapanda vizuri," alisema.

Egbert alifika kizingitini amechanika suruali, hana kofia, hana pumzi, hana mkalimani. Akapiga magoti mbele ya Vida, akakosa la kusema kwa lugha yoyote. Vida akamtoa jani lililomnasa sikioni.

"Umechelewa, korongo," alisema, na sauti ikamrudia, na kicheko nyuma yake. Kanisani walicheka mpaka Padri Vaso alitishia kuwafukuza wote wawili.

Asubuhi yake ilikuwa ya kuondoka. Gari likiwa langoni, ni desturi mwombolezaji wa mji ampe binti mbolezi ya mwisho, ili barabara imjue. Mji mzima ukaja tena, tukijua kwamba baada ya jana Ikonija atatuvunja mbavu na mioyo kwa pamoja.

Ikonija akasimama mbele. Akaiweka sawa shela. Akavuta pumzi. Alimwona Vida dirishani mwa gari, magoti yamekunjwa kitini vilevile kama zamani chini ya meza, na kinywa chake mwenyewe kikabaki wazi, hakina kitu. Hakuna neno, hakuna ole.

"Anza, Ikonija," Padri Vaso alinong'ona.

"Zimemwishia!" alisema mmoja nyuma. "Jana kazimaliza kwenye yai!"

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Mlango wa gari ukafunguliwa. Egbert akashuka, akaja mpaka mbele ya Ikonija, akavua kofia mpya. Masikio yake yaliwaka. Akaweka mkono mmoja kifuani, na kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya kutisha, huku amekaza macho kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akaanza:

"Ole wako, yai jeupe, mwana wa kuku mwekundu..."

Gospodar alipaliwa. Gavro aliangua kicheko kutoka kwenye kiti chake cha dereva. Ikonija alimshika Egbert mkono asianguke, akacheka, akacheka, na katikati ya kicheko kikatoka kile kilio kilichokuwa kimekwama, na maneno nyuma yake. Alimlilia Vida pale langoni. Alimlilia gari lilipoondoka, alimlilia likiwa kona ya kwanza. Na kila alipomaliza ubeti, kutoka kona ya pili, kisha kutoka ya chini zaidi, sauti ya Vida ilimjibu, ikimtukana mumewe kwa matusi mapya kabisa ambayo Ikonija hakuwa amemfundisha.